Mkaguzi Aliyeniamini

Kwanza nitoe lililo moyoni, maana Mkaguzi mwenyewe hakumpenda mtu wa kuulizia habari za watoto robo saa nzima kumbe amekuja kuazima nyundo. Kwa miaka minane nilimficha Mkaguzi jambo moja. Jambo lenyewe lilikuwa mshono wa chuma usiozidi urefu wa kiganja, ulioko nchi ya mbali, nyuma ya ukuta wa zege, kwenye kinu cha nyuklia tulichokijenga pamoja. Niliuchomelea mimi. Aliusaini yeye. Tuliporudi nyumbani tukaishi mtaa mmoja huku Chamazi, nikawa nakula kwake, namwamkia kila asubuhi, na kila nilipomwamkia nilijiambia leo namwambia. Wapi.

Nitafika huko. Ila nikianza na hilo peke yake mtamdhania kuwa mtu wa huzuni, na huyo si yeye kabisa. Mkaguzi ni mtu wa vituko.

Kazi yake ilikuwa kuangalia kazi za wenzake. Fundi anaunganisha chuma na chuma kwa moto, halafu anakuja yeye na tochi, kioo kidogo kama cha daktari wa meno, na chaki, anatazama kama vyuma vimeshikana kwelikweli au vimepakwa tu kama siagi kwenye mkate. Akiona kasoro anaizungushia duara la chaki na kuweka msalaba katikati. Alistaafu kazi, lakini chaki haikustaafu. Iliishi kwenye mfuko wa kanzu yake, na Ijumaa hata Ijumaa alikuwa na vumbi jeupe ubavuni kama mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa, pale mtaani kwetu kuna dada mmoja mwenye duka la unga. Dada akaweka geti jipya, rangi ya dhahabu, maua juu, tukaenda kumpongeza. Alasiri moja Mkaguzi akapita akitoka msikitini, akainama kwenye bawaba ya chini, akatoa chaki, akachora alama yake na kuendelea na safari. Hakubisha hodi. Yeye aliona ameacha ujumbe unaojitosheleza.

Kumbe mji huu alama ya msalaba kwenye nyumba ya mtu ina maana moja tu: barabara inapita hapa, fungasha. Dada alipotoka na kuiona, alipiga yowe lililosikika mpaka kwa wauza mkaa. Ndani ya saa moja ndugu zake walishafika kutoka Mbagala na kirikuu, kile kigari cha mizigo, magunia ya unga yanapakiwa, kitanda kimeshatolewa, majirani wote wako nje wakikagua kuta zao, na mjumbe ameitwa aje na ramani. Mkaguzi akarudi kutoka matembezini kwake, akapenya katikati ya watu.

"Kuna nini hapa, msiba?"

"Tunabomolewa, Mkaguzi!" dada akalia. "Wamekuja kuchora X, hata hodi hawakupiga!"

Akaitazama alama, akatutazama sisi. "Hiyo yangu. Bawaba ya chini haijashika."

Dada akasema taratibu, "Yaani mie nimetoa kitanda nje kwa ajili ya bawaba?"

"Afadhali kitanda kitoke, dada yangu, kuliko geti likuangukie."

Hakuamkiwa na ukoo ule kwa wiki mbili. Wiki ya tatu fundi aliyelitengeneza lile geti alikuja kurudia rangi, akaegemeza ngazi yake, na geti likamlalia mguuni. Toka siku hiyo watu wakawa wanamwita Mkaguzi kabla hawajanunua hata kitanda cha chuma, na dada wa unga akawa anampelekea vitumbua kila Jumapili, vikiwa vimefunikwa na kitambaa, bila maneno mengi.

Hakuwa na mapumziko, hiyo ndiyo shida. Tulikwenda naye harusini Mwenge, ukumbi umependeza, taarabu inapigwa, nikamtafuta mezani simwoni. Nikamkuta amepiga magoti nyuma ya jukwaa akigeuza viti. Bwana harusi aliombwa asimame mara moja, mzee ana jambo. Bwana harusi, kwa adabu, akasimama na shada lake. Mkaguzi akapindua kiti, akakiangalia miguu, akakirudisha. "Kaa, mwanangu. Mungu akujaalie uzao." Siku nyingine nilimpeleka uwanjani hapohapo Chamazi kutazama mpira. Kipindi cha kwanza chote alitazama vyuma vya paa. Lilipofungwa bao uwanja mzima ukasimama, yeye akaketi kwa furaha na kusema, "Bao limenipita, ila paa safi kabisa. Aliyefanya kazi hii ana mama mzuri."

Sifa yake kubwa kwa fundi ndiyo hiyo, kwamba ana mama mzuri. Lawama yake kubwa ilikuwa, "Chuma hakijui shikamoo." Maana yake, unaweza kumpamba mkaguzi kwa salamu, ukamletea maji, ukamwita mzee wangu na baba yangu, lakini ukishaondoka chuma kinabaki na ukweli wake. Vijana wa karakana walimwigiza kwa sauti yake ya puani, nami nilicheka nao, lakini kila nilipoisikia sentensi ile niliukumbuka ule mshono.

Msidhani mwenyewe alikuwa hana dosari. Nyumba yake ndiyo pekee mtaani ambayo geti lilifungwa kwa waya. Kisa, hakuna fundi aliyemridhisha, na kuchomelea mwenyewe hajui; mikono yake inatetemeka akishika moto. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni, "Ingieni kwa ubavu, hapa ni kwa bingwa wa vyuma." Kuhusu sukari ndio usiseme. Daktari alishamkataza. Anaweka vijiko vitatu kwenye kikombe, anakoroga, anakutazama machoni. Nikimwambia, "Mkaguzi, hiyo umeikagua?" ananijibu, "Hiyo idara nyingine."

Huko ughaibuni ndiko nilikomwona katika ukubwa wake. Ilikuwa nchi ya jangwa, inajenga kinu cha umeme wa nyuklia, mafundi tumetoka kila pembe ya dunia. Siku yangu ya kwanza nilimsikia mzee mwenye kofia ngumu ya kijani akimkalipia Mzungu mmoja mrefu kwa Kiingereza kilichonyooka, kisha akageuka pembeni na kunong'ona peke yake kwa Kiswahili, "Huyu naye sijui kalalia upande gani." Nikaangua kicheko. Akanigeukia.

"We wa wapi?"

"Temeke, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Temeke ya wapi? Ukinidanganya nakujua."

Tukatajiana mitaa, tukakuta mjomba wangu aliwahi kucheza bao na kaka yake. Nikawa mtu wake kuanzia hapo. Ijumaa alikuwa anapika yeye, na hakuna aliyethubutu kuukosoa wali wake, jambo ambalo nililiona la ajabu kwa mtu anayekosoa dunia nzima.

Kinu cha nyuklia hakijengwi kama geti. Kila mshono una karatasi yake, na kila karatasi ina nafasi ya namba ya fundi na nafasi ya sahihi ya mkaguzi. Ukiisoma karatasi unaamini kuna watu wawili walioutazama ule mshono. Ugonjwa ulianzia hapo. Kazi ilichelewa, mabosi wakawa wakali, karatasi zikarundikana, na baadhi ya wakaguzi wakaanza kukagua wakiwa ofisini: kikombe cha chai mkono huu, kalamu mkono ule, mishono arobaini imepita kabla chai haijapoa. Mkaguzi aliita hiyo kuswali umekaa na wala huumwi.

Siku moja alichukua bunda la karatasi alizosaini mwenzake, akapanda nalo juu kwenye majukwaa, akawa anatembea mshono kwa mshono. Aliporudi alikuwa anacheka mpaka machozi. Miwili kati ya mishono iliyopasishwa ilikuwa haijachomelewa bado. Vyuma vimewekwa vinatazamana, vinasubiri fundi. "Mwenzenu," akatutangazia mezani, "amepasisha hewa." Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akasukuma sahani. Alipeleka taarifa juu, kukawa na vikao, mwenzake akahamishwa, na kwa miezi kadhaa hakuna mkaguzi mwingine aliyekaa naye kula. Tulikaa naye mimi na Mfilipino mmoja kiziwi wa sikio moja.

Kwangu alikuwa tofauti. Mwaka wa kwanza alikagua kazi yangu kwa ukali kuliko ya yeyote, kwa vile natoka kwao. Hakupata kosa. Mwaka wa pili akawa anapita upesi zaidi. Mwaka wa tatu alikuwa anawaonyesha wageni mishono yangu kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Nami, sitajisifu bure, nilikuwa mzuri. Labda hilo ndilo lililotuponza.

Palikuwa na miguu mitatu ya chuma ya kushikilia bomba la maji ya kupoozea kinu. Kazi ndogo. Rodi zetu za kuchomelea zilitunzwa kwenye oveni kama mikate, kwa sababu ukizitoa una saa chache tu. Zikizidi zinavuta unyevu, na mshono unaweza kutoka mzuri wa kupigiwa picha halafu ukapasuka kimyakimya siku moja au mbili baadaye. Kila fundi analijua hilo. Mguu wa tatu niliuchomelea nikijua rodi zangu zimepitwa na muda. Stoo ilikuwa chini, foleni ndefu, zamu inaisha, mgongo unauma. Nikajiambia, si Mkaguzi atakuja kesho kutwa? Atakuja na unga wake wa chuma na sumaku yake, ule unga ambao ukinyunyizwa hujikusanya kwenye ufa hata kama ni mwembamba kuliko unywele. Kama kuna kitu atakiona. Yule haachi kitu.

Kesho kutwa akaja kweli. Nilikuwa jukwaa la juu, namwona kwa chini. Akainama kwenye mguu wa kwanza, akasoma namba yangu iliyogongwa pembeni ya mshono, akatabasamu. Chupa ya unga ilikuwa kiunoni. Hakuigusa. Akaweka karatasi zote tatu juu ya goti, akasaini moja, mbili, tatu, akainua kichwa na kuniona.

"Fundi! Shuka tukale, leo kuna nazi ya kopo."

Nikashuka. Nikala. Ningesema neno moja tu, mzee, ule wa tatu upige unga, na jambo lingeisha kwa dakika kumi. Lakini kusema hivyo ni kumwambia nimekuona umesaini bila kuangalia, yeye, mtu aliyemhamishisha mwenzake kwa kosa hilohilo. Nikaona haya kwa niaba yake, na haya yangu mwenyewe nikaifunika humohumo. Wiki iliyofuata wakajenga ukuta, miguu mitatu ikabaki upande wa pili. Mimi nilimtegemea yeye, yeye alinitegemea mimi, na mguu wa tatu haukuwa na mtu.

Miaka minane ikapita hivyo. Nikapata kazi Kigamboni kwenye ujenzi wa matangi ya mafuta, kazi nzuri, kwa cheti kilekile na sifa ileile. Mkaguzi alikuwa akinishika bega mbele za watu na kusema, "Huyu ndiye fundi pekee duniani ambaye sijawahi kumchorea duara." Watu wananipongeza, nami natamani ardhi ipasuke. Kinu nacho kilichelewa, wenyewe wakagombana, ujenzi ukasimama, ukaanza tena. Nikaanza kuamini hakitawashwa kamwe. Ni aibu kusema, lakini nilikuwa naombea kisiwashwe.

Mwaka jana mkewe alifariki na bintiye akamchukua akaishi naye Kigamboni. Siku moja nikiwa kazini nikapata ujumbe wake wa sauti, maana kuandika kwenye simu anasema ni kazi ya sisimizi. "Fundi! Umesikia? Kinu chetu hicho! Mwezi ujao wanaweka urani, wanawasha! Njoo Jumamosi tupongezane. Na usije na soda, nimekatazwa, njoo na vitumbua."

Niliusikiliza ule ujumbe mara nne. Nilijua mambo mawili. La kwanza, bado kuna mwezi, ukuta unaweza kufunguliwa. La pili, nikisema, cheti changu kimekwenda, na cheti ndicho kinachowalisha wanangu watatu. La tatu nililijua pia lakini sikulitaja hata moyoni: kwamba nitamvunja mzee.

Jumamosi alasiri nilimkuta barazani kwa bintiye, amekonda, fimbo pembeni, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia. Akaanza papo hapo habari za kinu, mkono unachora hewani, urefu wa bomba, jina la yule Mfilipino. Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza kabla ya siku hiyo.

"Mzee, ile miguu mitatu ya bomba la kupoozea. Ule wa tatu rodi zilikuwa zimepitwa."

Mkono ukabaki hewani. "Kwa saa ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukunambia."

"Nilijua utaona."

Akashusha mkono, akaushika kwa mwenzake. "Mie sikuangalia," akasema. "Niliona namba yako."

"Nilikuona, mzee. Nilikuwa juu yako."

Hilo ndilo lililomwingia. Sikuwa nimelifikiria. Kosa langu alilipokea kama mkaguzi, aliliulizia maswali; lakini kwamba nilimwona, na nikakaa miaka minane namsikiliza akijisifu, hilo lilimfanya uso wake uzeeke mbele yangu. "Kwa hiyo kila nikisema," akaanza, akaacha. Nikalia. Sioni aibu kusema, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, na bintiye akachungulia mlangoni akarudi ndani.

"Nyamaza," akasema mwishowe, bila ukali. "Huu si wakati wa kulia, ukuta bado haujafunguliwa. Nipe kalamu iliyoko kwenye kabati."

Akaandika barua kwa mkono, Kiingereza cha kazini, sentensi fupifupi. Bintiye angeipiga picha na kuituma kwa wale waliokuwa wakituajiri. (Waliijibu, tena upesi. Walipofungua ukuta waliukuta ufa, urefu wa kidole, kwenye mguu wa tatu. Cheti changu kimesimamishwa, siku hizi natengeneza mageti Mbagala. Hayo yalikuja baadaye, na siku ile tulikuwa hatuna habari nayo.) Alipomaliza akanisogezea karatasi.

"Saini."

Nikachukua kalamu, nikashuka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa. Kiganja chake kikatua juu ya karatasi.

"Umesoma?"

"Si umeandika wewe, mzee?"

"Umesoma?"

Nikasoma. Mistari ya kwanza ilikuwa sawa: tarehe, sehemu, namba yangu, jina lake, kwamba alisaini bila kukagua. Kisha nikafika palipoandikwa kwamba fundi alimjulisha mkaguzi kuhusu rodi zilizopitwa, na mkaguzi akamwamuru aendelee.

"Mzee, hii si kweli. Sikukujulisha."

"Najua."

"Sasa?"

"Una watoto wadogo, wewe. Mie mstaafu, watanifanya nini, wanihamishe?" Akajaribu kucheka, hakuweza.

Mtu yule, aliyemfanya dada wa watu atoe kitanda nje kwa ajili ya bawaba, alikuwa ameandika uongo kwa mkono wake ili kunificha. Na kama angenyamaza tu ningesaini, na uongo ungepita. Alishindwa kuvumilia kumwona mtu anasaini kitu ambacho hajakitazama. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu, na nilimwambia hivyo hivyo. Akasema niache maneno ya harusini.

"Naikata hii sentensi," nikasema.

"Kata."

Nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: fundi alijua, hakusema. Nikasaini. Nikamgeuzia barua na kumpa kalamu.

Hakusaini papo hapo. Alimwita bintiye amletee miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akaweka kidole kwenye neno la kwanza kabisa la barua aliyoiandika mwenyewe, akaanza kusoma. Alisoma kila neno, na tarehe, na namba, na pale nilipokata alisoma mara mbili. Ilichukua muda mrefu sana. Vitumbua vikapoa, adhana ikaanza kuadhiniwa, na mimi nikakaa nikamsubiri mpaka akafika mwisho.